Gramu Jikoni Simbo: Lini Mizani, Lini Kijiko

Karatasi ya mapishi inadai gramu 75 za sukari, gramu 7 za hamira na gramu 3 za chumvi. Katika jiko la kawaida la Simbo, kata ya Kigoma Vijijini, nchi ya michikichi, kuna masufuria, karai, mwiko, vikombe vya chai na vijiko vya kila umbo. Mizani iko dukani, juu ya kaunta, ikipima sukari robo, mchele kilo na unga kilo mbili. Mpishi wa maandazi anayekanda alfajiri, kabla wanafunzi hawajapita, hawezi kwenda kumgongea mwenye duka ampimie hamira gramu 7. Na hata akigonga akafunguliwa, mizani ile haitamfaa, maana haikutengenezwa kwa vitu vyepesi kiasi hicho.

Watu wengi hudhani kijiko ni kipimo cha asiye na uwezo wa kununua mizani. Si kweli. Mizani ndogo za jikoni zinazouzwa mijini huruka gramu moja moja, na kwenye gramu 3 za chumvi kosa la gramu moja ni theluthi nzima ya kipimo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, kikisawazishwa vizuri, hutoa gramu 3 kila siku bila betri. Kwa hiyo swali la mpishi wa Simbo lina sehemu mbili: kipi apimiwe dukani kwa uzito, na kipi akipime mwenyewe nyumbani kwa kijiko. Unga, sukari nyingi, mchele na nyama ni vya mizani. Hamira, chumvi, beking pauda, iliki, manjano na mafuta kidogo ni vya kijiko. Akishajua mpaka huo, hesabu iliyobaki ni ndogo.

Ugumu wenyewe ni kwamba kijiko hupima nafasi, na gramu hupima uzito. Kijiko kikubwa cha kawaida, kile kinachoitwa pia kijiko cha chakula, huchukua mililita 15. Kikijaa maji, maji hayo yana gramu 15. Kikijaa mafuta ya kupikia ni gramu 13 na nusu hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na ndiyo maana huelea. Sukari nyeupe ni gramu 12 na nusu. Unga wa ngano uliochotwa bila kushindiliwa ni gramu 8 tu. Chumvi laini ni gramu 18, na asali hufika gramu 21. Kijiko ni kile kile, mkono ni ule ule, lakini uzito unatoka 8 hadi 21.

Anayeuliza gramu 50 ni vijiko vingapi, basi, hawezi kujibiwa kabla hajasema ni gramu 50 za nini. Za sukari ni vijiko vikubwa vinne. Za unga ni sita na robo. Za asali ni viwili na nusu kasoro kidogo, na za chumvi havifiki vitatu. Yale majedwali yanayosambazwa kwenye simu yakisema "gramu 15 ni kijiko kimoja" bila kutaja kitu yameandikwa kwa ajili ya maji, na mpishi akiyafuata kwa unga atapungukiwa karibu nusu.

Jambo hili si geni sokoni. Kila anayenunua kwa sado, lile kopo la rangi la lita 4 lililogeuka kipimo cha masoko ya Tanzania, anajua kwamba sado la maharage linaulemea mkono na sado la dagaa wakavu linabebwa kwa vidole. Zamani pwani na bara walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na vyote viwili vilikuwa vipimo vya ujazo. Bidhaa ya thamani haikuachiwa kipimo cha aina hiyo. Pembe za ndovu zilizofika Ujiji na kuondoka na misafara kwenda pwani zilipimwa kwa frasila, ambayo ni uzito, takriban kilo 16. Wafanyabiashara wale walitenga kazi ya chombo na kazi ya mizani, na jikoni mgawanyo ni huo huo.

Kabla ya kuhesabu chochote, mpishi akijue kijiko chake. Mililita 15 na mililita 5 ni vipimo vya vijiko vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupimia, vile vya plastiki au bati vinavyofungwa pamoja kama funguo. Vijiko vya kulia wali na kukorogea chai havikuahidi kitu. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki wakiongozwa na Matthew Falagas walichapisha matokeo ya kupima vijiko walivyovikuta katika nyumba 25 za eneo la Attica. Vya chai vilichukua kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3, na vikubwa kuanzia 6.7 hadi 13.4. Hakuna kijiko kikubwa hata kimoja kilichofika 15. Wao walikuwa wanahofia dawa za watoto, lakini takwimu hizo zinamhusu mkaanga maandazi pia, maana vijiko vya kiwandani vinavyouzwa Ugiriki na vinavyotandazwa chini kwenye mnada wa Kigoma havikupitia kanuni yoyote ya ujazo.

Kukipima kijiko ni kazi ya dakika mbili, na kifaa kinapatikana katika duka lolote la dawa: bomba la sindano la mililita 5 au 10, jipya, lisilo na sindano. Kijiko kiwekwe juu ya meza pasipotikisika, kijazwe maji kwa bomba hadi maji yafike ukingoni bila kumwagika, kisha mistari isomwe. Asiye na bomba atumie kijiko cha plastiki au kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, chenye alama ya mililita 5. Kosha, jaza, mimina kwenye kijiko cha nyumbani, hesabu.

Tuseme kijiko kikubwa cha nyumba fulani Simbo kinachukua mililita 10. Sukari yake basi haiwi gramu 12 na nusu, inakuwa gramu 8 na kidogo. Mapishi yanayotaka gramu 75 hayatakuwa vijiko 6, yatakuwa 9. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini maandazi ya jirani, aliyepewa "vijiko 6 vya sukari" kwa mdomo, yalitoka bila utamu ingawa alifuata kila neno.

Baada ya kijiko, mkono. Vitu vikavu hupimwa kwa kusawazisha: chota hadi kifurike, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo, kilichozidi kirudi kwenye kopo. Mmarekani Fannie Farmer alilisisitiza hilo katika kitabu chake cha mapishi kilichotoka Boston mwaka 1896, wakati wapishi wengi walikuwa bado wakiandikiana "kijiko kilichojaa" na "kipande cha siagi kama yai". Tangu hapo mapishi mengi yanayotaja kijiko bila maelezo yanamaanisha kijiko cha kusawazisha. Kijiko chenye kilima cha sukari au unga kinaweza kubeba karibu mara mbili ya hicho, na kilima cha mtu mmoja hakifanani na cha mwingine.

Unga una tabia yake ya ziada. Unga uliokaa kwenye mfuko chini ya mizigo mingine umeshikamana. Ukichotwa kwa kikombe cha robo lita na kushindiliwa ubavuni mwa mfuko, kikombe kinaweza kufika gramu 150. Unga ule ule ukichekechwa au ukitibuliwa kwanza, ukajazwa kikombe kwa kijiko bila kugongagonga, unakaribia gramu 120. Kwa vikombe vinne tofauti inafika gramu 120, yaani kikombe kizima kimeingia bila kualikwa. Donge linakuwa gumu, mpishi anaongeza maji, chumvi na hamira zinaonekana pungufu, na lawama yote inaangukia hamira.

Ipo njia ya kuzipata namba za nyumba husika bila kutegemea jedwali la mtu yeyote, na ni bora kuliko zote kwa sababu inapima kijiko hicho, sukari hiyo na mkono huo kwa pamoja. Mtoto atumwe dukani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nikupimie nini?"

"Sukari robo na unga wa ngano robo, kila kimoja kwenye mfuko wake. Mama anataka kuhesabu vijiko."

Robo kilo ni gramu 250. Nyumbani sukari imwagwe kwenye bakuli, ihamishwe kwa kijiko cha kusawazisha kwenda bakuli la pili, huku mtu akihesabu kwa sauti. Ikitoka vijiko 20, kila kimoja kina gramu 12 na nusu. Ikitoka 30, ni gramu 8 na theluthi. Unga ufanyiwe vivyo hivyo. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati, na kijiko kilichotumika kitiwe alama, kwa mfano uzi uliofungwa kwenye mpini, kisichanganyike na vingine. Mizani ya dukani inatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, kwa hiyo mpishi ana haki ya kuitazama stika hiyo kabla ya kuiamini robo yake. Anaweza pia kutumia pakiti zilizofungwa kiwandani, zenye uzito ulioandikwa: chumvi ya nusu kilo, majarini ya gramu 250, hamira ya gramu 10 au 11.

Majarini na siagi hazihitaji kijiko hata kidogo. Kipande cha gramu 250 kikigawanywa kwa kisu sehemu tano zilizo sawa, kila sehemu ina gramu 50. Kijiko kikubwa cha majarini kina gramu 14 hivi, lakini kukijaza bila kuacha mapengo ya hewa chini ni shida isiyo na sababu.

Kwa vijiko vya kawaida, hizi ndizo namba ambazo mpishi wa Kigoma atazihitaji mara nyingi. Kijiko kikubwa cha unga wa muhogo hukaribiana na cha ngano, gramu 8 hivi. Cha unga wa mahindi ni kati ya 8 na 10 kutegemea usagaji. Cha maziwa ya unga ni 7 hadi 8. Cha mchele mkavu 12 au 13. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 na kidogo, cha chumvi laini ni 6, cha hamira ya chengachenga ni 3, cha beking pauda ni 4 hivi, na cha bikaboneti, ile magadi soda ya kuokea, hukaribia 5. Viungo vilivyosagwa vyote vinacheza karibu na gramu 2 au 3 kwa kijiko cha chai: iliki na bizari nyembamba 2, pilipili manga 2 na robo, mdalasini 2 na nusu, manjano 3. Tangawizi kavu ya unga haifiki hata 2. Viungo vizima, kama karafuu na pilipili manga isiyosagwa, haviingii kwenye hesabu hii, kwa sababu kati ya punje na punje kuna nafasi tupu. Visagwe kwanza, ndipo vipimwe.

Mawese yanataka aya yao wenyewe, maana vitabu vya mapishi vya mbali havikuyafikiria. Mafuta ya alizeti hukaa majimaji mwaka mzima, kijiko kikijaa kimejaa. Mawese, hasa asubuhi za kipupwe mwezi Juni na Julai, hugawanyika ndani ya chupa: juu mafuta mekundu yanayong'aa, chini uji mzito wa rangi ya chungwa ulioganda. Anayemimina juu anapata kitu kimoja, anayechimba chini kwa kijiko anapata kingine, na kile kizito hupanda juu ya ukingo kikasimama kama ugali. Kijiko kimoja cha namna hiyo kinaweza kuwa viwili. Dawa yake ni kuisimamisha chupa kwenye sufuria la maji ya moto, nje ya moto wenyewe, hadi mafuta yote yayeyuke, kuitikisa, na kupima yakiwa majimaji. Hapo kijiko kikubwa ni gramu 13 na nusu, na mapishi yanayotaka gramu 40 yanapata vijiko vitatu bila wasiwasi. Yanayotiwa kwenye kisamvu au mchuzi wa migebuka hayana haja ya uangalifu huu. Mkono uliozoea unatosha. Yanayotiwa kwenye donge la unga yanauhitaji, kwa kuwa mafuta yakizidi donge hukataa kuvutika.

Chumvi nayo. Mashariki ya Simbo, ndani ya mkoa huo huo wa Kigoma, iko Uvinza, ambako maji ya chemchemi za chumvi yamekuwa yakichemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1858 wakielekea Ujiji, na chumvi hiyo tayari ilikuwa bidhaa ya kwenda mbali. Kwa mpishi suala ni ukubwa wa chembe. Chumvi laini ya pakiti hujaza kijiko cha chai kwa gramu 6. Chumvi ya chembe kubwa, ya Uvinza au ya kwingine, huacha mapengo, na kijiko kile kile kinaweza kushuka hadi gramu 4 au 5. Anayebadilisha aina ya chumvi bila kubadilisha hesabu atapata mkate uliopooza, au mchuzi usiolika akienda upande wa pili. Itwangwe ilainike, au ihesabiwe upya kwa njia ile ya robo kilo. Na kwa kuwa gramu zimeshajulikana, inafaa kukumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, vyakula vyote kwa pamoja. Hizo hazijazi kijiko kimoja cha chai.

Sasa hesabu nzima ichukuliwe kwenye kitu kimoja, maandazi ya nusu kilo ya unga. Mapishi yanasema unga gramu 500, sukari 75, hamira 7, mafuta 40, chumvi 3, iliki 2, na maji ya uvuguvugu au tui la kutosha kukandia. Unga gramu 500 kwa kijiko kikubwa ungekuwa vijiko 62, na hakuna mtu atakayefika 62 bila kuitwa nje katikati ya hesabu. Unga ununuliwe nusu kilo dukani, au pakiti ya kilo igawanywe kwa vikombe: kikombe cha robo lita kilichojazwa taratibu ni gramu 120 hadi 125, vinne vinatosha. Kikombe cha robo lita hupatikana kwa kuigawa chupa ya maji ya nusu lita mara mbili sawasawa na kutia alama pale maji yalipofika. Sukari, vijiko vikubwa 6. Hamira, gramu 7 kwa 3, vijiko vya chai viwili na robo hivi. Mafuta, vijiko vikubwa vitatu. Chumvi, nusu kijiko cha chai. Iliki ya kusagwa, kijiko kimoja cha chai. Vikavu vipimwe kwanza, vya majimaji baadaye, kijiko kisilowe katikati ya kazi. Unga ukigusana na kijiko chenye maji hung'ang'ania na kipimo kinaharibika. Penye mafuta na asali, mafuta yatangulie, kwa kuwa asali huteleza yote ikitoka kwenye kijiko kilichopakwa mafuta.

Robo ya kijiko bila kijiko cha robo hupatikana hivi: jaza kijiko, sawazisha, pitisha ncha ya kisu katikati kwa urefu kutoka mpini hadi ncha, toa nusu; kisha igawe nusu iliyobaki kwa upana. Kugawa kwa upana tangu mwanzo hudanganya, maana upande wa ncha ni mwembamba kuliko upande wa mpini.

Kuna mahali ambapo hesabu hii hutoka kwenye ladha na kuingia kwenye uhai. Mwambao wa Ziwa Tanganyika unakijua kipindupindu. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa kaskazini ya Gombe, ugonjwa huo uliwakamata maelfu na kuua makumi, hadi meli ya MV Liemba ikatumika kuwahamishia watu Kigoma. Mgonjwa wa kuhara hupoteza maji na chumvi, na tiba ya kwanza ni kuvirudisha kwa kinywa. Pakiti ya ORS ya kituo cha afya ndiyo bora, kwa sababu imepimwa kwa gramu kiwandani: katika lita moja kuna gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, na chumvi nyingine mbili ambazo jikoni hazipo. Pakiti ikikosekana, kinachojulikana na kufundishwa ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Kwa gramu ni kama 25 za sukari na 3 za chumvi.

Hapa kilima hakivumiliki. Nusu kijiko kikigeuka kijiko kizima chenye kilima, chumvi inaweza kuzidi mara tatu au nne, na kwa mtoto mchanga hilo ni hatari ya kweli. Sukari nayo ina kazi. Ndiyo inayosaidia utumbo kuifyonza chumvi pamoja na maji, kwa hiyo kuiacha ni kuidhoofisha dawa, na kuizidisha huweza kuongeza kuhara. Bangladesh, miaka ya 1980, shirika la BRAC lilipita nyumba zaidi ya milioni 12 likiwafundisha akina mama kipimo cha vidole vitatu cha chumvi na gao la sukari guru, na wakaguzi walichukua sampuli za walichokoroga kwenda kuzipima maabara. Daktari Mwingereza David Morley alipendelea kijiko maalumu cha plastiki chenye ncha mbili, kubwa ya sukari na ndogo ya chumvi, ili mama asiwe na la kukisia. Katika nyumba ya Simbo, kijiko cha chai kilichokwisha kupimwa kwa bomba na kutiwa alama kinafanya kazi ile ile. Lita moja ni chupa mbili za nusu lita. Chumvi iwe laini. Na mtoto aliyelegea, macho yamedidimia, akimbizwe zahanati huku akinyweshwa, asisubiri nyumbani ionekane kama kijiko kimemfaa.

Vipo vitu ambavyo havifai kabisa kuingizwa kwenye kijiko. Dagaa ni mfano wa wazi. Wakavu hupishana na kuacha hewa tele, wabichi huteleza, na mapishi yanayotaka gramu 200 zao yanataka mizani au uzoefu wa mkono. Kisamvu kilichotwangwa hutegemea kimekamuliwa kiasi gani. Vitunguu na nyanya viandikwe kwa idadi.

Cha kukatazwa kwa nguvu zote ni kostiki. Kigoma ina vikundi vinavyotengeneza sabuni kwa mawese na kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, na wapo wanaopima kostiki, magadi hayo makali, kwa kijiko au kikombe. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki kugeuka sabuni yote. Kilo moja ya mafuta ya mise huhitaji kama gramu 175. Kostiki ya vipande bapa na ile ya punje hazilingani hata kidogo kwenye kikombe. Ikipungua, sabuni inabaki na mafuta. Ikizidi, inachubua ngozi ya mtoto atakayeogeshwa nayo. Kazi hiyo ni ya mizani peke yake, na chombo kilichogusa kostiki kisirudi jikoni milele.

Mapishi yanayotumwa na ndugu walio ughaibuni yanahitaji jicho la pili. Ya Uingereza huandikwa kwa gramu, kwa hiyo ni rahisi. Ya Marekani huhesabu kwa kikombe cha mililita 237, pungufu kidogo ya robo lita, na siagi yao ikitajwa kwa kijiti kimoja ni gramu 113. Kijiko kikubwa cha Australia huchukua mililita 20, yaani vijiko vya chai vinne badala ya vitatu. Keki ya huko yenye vijiko viwili vya kakao inataka vijiko viwili na theluthi mbili vya hapa. Aunsi, ile wakia ya zamani, ni gramu 28.

Na ikiwa ni shughuli, ndoa au arobaini, ambapo nusu kilo ya unga inageuka kilo 10, mpaka kati ya kijiko na mizani unasogea. Kila kitu kinazidishwa mara 20. Sukari inakuwa kilo moja na nusu, ipimwe dukani. Mafuta gramu 800 ni karibu mililita 880, vikombe vitatu na nusu vya robo lita. Hamira inakuwa gramu 140, vijiko vya chai 45 na zaidi, na katika kelele za akina mama walioamka saa tisa usiku hesabu itapotea. Ichukuliwe pakiti ya nusu kilo, imwagwe kwenye sinia safi, igawanywe mafungu manne yaliyo sawa, fungu moja ni gramu 125, kisha viongezwe vijiko vya chai vitano. Iliki gramu 40 ni vijiko vya chai 20, isagwe na kupimwa tangu jana yake. Chumvi gramu 60 ni vijiko vikubwa vitatu na kimoja cha chai, na huyo anayeitia awe mtu mmoja tu, aliyekabidhiwa kazi hiyo, ili asije mwingine akaitia mara ya pili.